Ndani ya Fuvu Kuna Kiwanda cha Damu!

Jamani, oneni maajabu haya! Niko Zagayu, Itilima, mkoani Simiyu, simu mkononi, na kwa mara ya kwanza natazama picha za vipande vya fuvu la mtoto aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Vilichimbwa Olduvai, ng'ambo ya Serengeti hii hii tunayopakana nayo. Wataalamu wanamwita OH 81. Manuel Domínguez-Rodrigo na wenzake walimtangaza mwaka 2012, mwaka ambao Simiyu ilipata kuwa mkoa.

Umri wake unashangaza, lakini kilichoniteka hasa ni diploe! Hilo ni tabaka la mfupa wa sponji lililobanwa kati ya mabamba mawili magumu ya fuvu. Lipasue andazi lililoumuka vizuri: juu na chini ganda, ndani vishimo vitupu. Vya diploe vimejaa uboho mwekundu unaotengeneza chembe za damu usiku na mchana, hata kwa mtu mzima. Humo humo hupita mishipa ya vena, na fuvu linapata unene bila kuulemea mwili. Yote hayo ndani ya milimita chache tu!

Sasa mrudie mtoto wetu. Damu inapopungua, uboho huzidisha kazi, na kazi ikizidi hutaka nafasi. Diploe hutanuka, bamba la nje hukonda, mwishowe hutoboka vitundu vitundu. Ndivyo hivyo vinavyoonekana kwa OH 81, mtoto wa miaka kama miwili! Watafiti wanaona dalili ya upungufu wa damu, pengine kwa kukosa vyakula vya nyama, yeye au mama aliyemnyonyesha. Njaa ya mtoto mmoja imesomeka mfupani baada ya muda wote huo!

Na si habari ya kale pekee. Kwa baadhi ya watoto wenye selimundu, ugonjwa tunaoujua vizuri huku Kanda ya Ziwa, diploe hutanuka vivyo hivyo: paji la uso hutokeza, na picha ya eksirei huonyesha mistari iliyosimama wima juu ya fuvu.

Kwangu mimi, hakuna mfupa unaoifikia diploe kwa kazi na kwa kumbukumbu. Mwalimu wa baiolojia, makala ya OH 81 inasomwa bure mtandaoni, picha zikiwemo. Waonyeshe wanafunzi wako, kisha waulize leo wamekula nini.