Nini Kiingie, Nini Kitoke: Orodha ya Usomaji wa Mabingwa wa Watoto

Orodha ya usomaji wa lazima kwa madaktari wanaosomea ubingwa wa watoto mara nyingi hupangwa kwa umaarufu: kitabu kikubwa cha kiada, miongozo ya wizara, kisha makala zilizonukuliwa zaidi duniani. Zama za uhaba mtindo huo ulitosha. Shirika la Afya Duniani lilipobuni Maktaba ya Sanduku la Buluu, vitabu zaidi ya 100 vilipakiwa kwenye sanduku la chuma kwa ajili ya wilaya za Afrika, na kilichokuwemo ndicho kilichosomwa. Tangu mpango wa HINARI uanze mwaka 2002 kuzifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya kulipia, kazi ngumu ya mteuzi imekuwa kuacha. Kwa daktari atakayehudumu Korogwe au Handeni, mkoani Tanga, kigezo changu ni kimoja: andiko liingie kwa sababu limebadili uamuzi wa wodini, tena likae ubavuni mwa lile linalolipinga au kuliwekea mipaka.

Tuanze na homa. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha katika BMJ utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, 2,062 tu ndio waliokuwa na vimelea kwenye damu. Waliokuwa navyo walikufa asilimia 6.9, wasiokuwa navyo, asilimia 12.1. Miaka sita baadaye jaribio la AQUAMAT, lililohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, wakiwemo wa Korogwe na Muheza, lilionyesha kuwa artesuneti ya sindano ilipunguza vifo hadi asilimia 8.5, dhidi ya 10.9 kwa kwinini. Anayesoma la pili peke yake anajua dawa ya kuchagua, ila hajaonywa kwamba mtoto aliye mbele yake huenda ana maambukizi ya bakteria. Naye anayesoma la kwanza peke yake anaweza kudhani tiba potofu ndiyo iliyowaua wote wale, ilhali utafiti ule uliwafuatilia wagonjwa tu, haukuwagawa kwa kura.

Mfano mzito zaidi ni FEAST, uliochapishwa mwaka 2011. Vitabu vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, Teule ya Muheza ikiwa mojawapo, watoto 3,141 waligawanywa kwa kura. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa kasi, 10.6 ya waliopewa albumini, na 7.3 ya wasiopewa maji hayo ya haraka. Hapa ndipo mteuzi mvivu huharibu mambo, akiliweka jina la utafiti bila masharti yake. FEAST haukuhusisha watoto wenye utapiamlo mkali wala wenye kuhara. Atakayewanyima maji watoto wa kuhara kwa kuutaja utafiti huo hajausoma.

Watasema nachagua ya jirani kwa mapenzi ya nyumbani. Hapana; jaribio dogo la Hale, wilayani Korogwe, lililochapishwa mwaka 2009, linaingia kwa sababu lilionyesha kuwa SP (sulfadoxine-pyrimethamine), dawa ya malaria, imeshindwa kuwatibu watoto wengi mno. Hata hivyo halijibu swali la SP kwa wajawazito, ambako dawa hiyo imeendelea kutumika kwa kinga. Ubavuni mwake pawekwe andiko la suala hilo, mwanafunzi asije akavuka mpaka wa ushahidi.

Pingamizi lenye uzito ni la mitihani: mtahiniwa huulizwa pia magonjwa ambayo Tanga huonekana kwa nadra, na makala nne haziwezi kumfundisha figo wala moyo. Ni kweli, na ndiyo maana kitabu cha kiada kibaki kuwa msingi. Ila kitabu hicho hicho, toleo la kabla ya 2011, kingemfundisha mtahiniwa kumimina maji bila kusita. Kwa hiyo kila sura yenye tiba ya dharura ningeiandikia pembeni mwaka wake, jaribio lililoigusa, na watoto ambao jaribio hilo halikuwahusu.