Bakteria wa Tanganyika hawapangwi na kina

Toka Kigoma kwa mtumbwi hadi maji makuu ya Ziwa Tanganyika, ushushe chupa ya sampuli mita 50. Ni bomba lililo wazi pande zote mbili. Likifika, unaachia kipande cha chuma kiteleze juu ya kamba, kigonge kifungio, vifuniko vijifunge papo hapo. Maji yanayopanda ni maangavu na hayana harufu. Rudia kwa mita 300. Safari hii pua inatangulia vipimo vyote: yai viza. Ni haidrojeni salfaidi, gesi ambayo haidumu penye oksijeni. Jotoridi limeshuka nyuzi chache tu kati ya chupa hizi mbili, lakini bakteria wa huku na wale wa kule ni jamii tofauti kabisa.

Wengi watasema sababu ni kina. Nadhani kina kinasingiziwa. Ziwa Baikal la Urusi lina mita 1,642, Tanganyika lina mita 1,470. Hata hivyo oksijeni ya Baikal inafika hadi chini, kwa sababu baridi ya kule huwezesha maji ya juu kuzama. Maji yetu yana joto mwaka mzima, na kwenye joto hilo tofauti ya nyuzi 2 au 3 inatosha kuyafanya ya juu yaelee kama mafuta. Kusi, kati ya Mei na Septemba, husukuma maji ya juu kwenda kaskazini na kuyainua ya chini upande wa Zambia, lakini haliwezi kulipindua ziwa zima. Ndiyo maana oksijeni hukoma karibu mita 100 upande wa kaskazini na karibu mita 200 kusini.

Orodha ya vijiumbe wakazi wa ziwa ilipatikana kwa kusoma vinasaba. Katika utafiti uliochapishwa 2021, Patricia Tran na wenzake walifanyia kazi sampuli 24, kuanzia juu hadi mita 1,200. Maji huchujwa, DNA ya viumbe waliobaki kwenye chujio husomwa vipande vipande, kisha kompyuta huviunganisha, kama mtu anayepanga upya magazeti mengi yaliyochanwa na kutiwa gunia moja. Walipata jenomu 523, za makundi makuu 34. Juu walikuwepo bakteria wa kawaida wa maziwa. Chini, arkea (vijiumbe wanaofanana na bakteria lakini si bakteria) na makundi ambayo hakuna aliyewahi kuyaotesha maabara.

Lakini jeni huonyesha anayeweza kufanya kazi, si anayeifanya. Kwa hiyo naupenda zaidi utafiti wa 2006 wa Carsten Schubert na wenzake. Kwenye mpaka wa oksijeni, amonia inayopanda kutoka gizani hukutana na naitreti inayoshuka kutoka juu. Je, kuna bakteria hapo wanaounganisha amonia na naitraiti, inayotokana na naitreti hiyo, kuwa gesi ya naitrojeni, bila oksijeni? Njia mojawapo ya kujibu ni hii: maji ya kina hicho hufungiwa kwenye vichupa visivyo na hewa, kisha huongezwa amonia yenye naitrojeni nzito, ya uzito wa 15 badala ya 14 ya kawaida. Gesi ya naitrojeni ni atomu mbili zilizoshikana. Bakteria wanaovunja naitreti peke yake hutoa 14 na 14, yaani 28. Ile amonia nzito haiwahusu. Ukipata gesi ya uzito wa 29, ujue atomu moja imetoka kwenye amonia na nyingine kwenye naitraiti. Hakuna njia nyingine rahisi ya kuifikia namba hiyo.

Schubert na wenzake waliikuta kazi hiyo ikifanyika kwenye tabaka jembamba la mita 100 hadi 110. Hadi asilimia 13 ya gesi ya naitrojeni iliyozalishwa ilitokana na bakteria hao. Juu kidogo oksijeni inawazuia. Chini kidogo naitraiti haipo.

Chini ya mpaka huo ndipo penye hodhi kubwa kuliko zote duniani ya maji yasiyo ya chumvi na yasiyo na oksijeni. Nawasihi vijana wetu wanaokwenda ziwani na chupa zao: msipange sampuli kwa mita kumikumi tu. Shusheni kwanza kipima oksijeni, mtafute mpaka uko wapi siku hiyo, kisha mchote maji juu yake, ndani yake na chini yake.