Tundu Lililozibwa

Katika kazi nzima ya vyungu vya kunyweshwa kwa chini vilivyopangwa ukumbini mwa jengo moja la afisi hapa Levolosi, jengo ambalo sitalitaja kwa jina ingawa wengi wa wasomaji wa safu hii wamekwisha kuingia humo kwa shughuli zao na kuviona vyungu hivyo kwa macho yao, sina ugomvi na fundi aliyekata hodhi, wala na aliyechanganya udongo, wala na aliyependekeza yapandwe masale. Ugomvi wangu ni na uamuzi mmoja, uliopitishwa vyungu vilipokuwa vimekwisha simamishwa na sifa zimekwisha tolewa, wa kuliziba kwa gundi ya silikoni tundu la kupunguzia la kila chungu ili vigae vya ukumbi visilowe. Uamuzi ule ulikuwa batili tangu saa ulipofanywa, na masale yanayoungua ncha leo yanautolea ushahidi.

Mpangilio wenyewe mnaujua: hodhi chini, kitako chenye matundu juu yake, mguu wa udongo unaoshuka majini, bomba la kujazia kwenye kona na kielea chekundu ndani yake. Udongo ulichanganywa vema, makumbi ya nazi na pumisi na mboji iliyoiva, na unyevu ukapanda hadi juu pasi na kusita.

Sasa tulitazame tundu. Lina upana wa kidole cha mwisho, nalo limetobolewa ubavuni, chini kidogo ya kitako, mahali ambapo mpita njia hawezi kuliona asipoinama. Kazi zake ni mbili, na watu wengi huijua moja tu, nayo ile ndogo. Kazi ya kwanza ni kuuzuia mkono wenye pupa: ajazaye hodhi kupita kiasi huona maji yakichuruzika ubavuni, akakoma, na baina ya uso wa maji na kitako ukabaki mwanya wa hewa ambamo mizizi huvuta pumzi. Tundu likizibwa, maji hupanda yakaufuta mwanya ule, udongo wa chini ukalowa chepechepe pasi na hewa, na mizizi ikaanza kuoza ilhali majani ya juu bado yana kijani cha kumghuri mtazamaji. Hilo peke yake lingetosha kuwa sababu ya kuliacha wazi.

Lakini kazi ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, nayo ni kuwa mlango wa kutokea. Katika chungu kinyweshwacho kwa juu, kila mara mtu amwagapo maji kwa ukarimu, sehemu hupita udongo wote ikatoka chini, ikachukua baadhi ya chumvi iliyoachwa na maji ya kabla yake. Katika chungu kinyweshwacho kwa chini safari ni ya upande mmoja, kwa kuwa maji huvutwa na vijia vyembamba vya udongo yakapanda, mmea ukayanywa au hewa ikayageuza mvuke, na kila kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake kikaachwa palepale. Kwa hiyo mwenye chungu cha namna hii hana budi, kila baada ya miezi michache, kukimwagia kwa juu maji mengi na safi, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chungu, ili chumvi isukumwe chini na itolewe nje. Na maji hayo ya kuosha yatapita wapi, kama si katika tundu lile? Aliyeliziba aliuondoa uwezekano wa kuosha, leo na siku zote, kwa mirija michache ya gundi.

Mtu wa Arusha hahitaji kwenda mbali kuyafahamu haya. Maziwa ya Momella, mashariki ya Meru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hulishwa na maji ya chini ya ardhi wala hayana mto wa kuyatoa. Jua huyapunguza, chumvi hubaki, na karne kwa karne yamefikia kuwa magadi matupu, yenye floraidi iliyopimwa kwa mamia ya miligramu katika lita moja, yakiwafaa heroe wala yasimfae binadamu kwa kinywaji. Chungu kisicho na njia ya kutokea maji ni Momella ndogo, na tofauti iliyopo ni ya muda na ukubwa.

Ingekuwa maji yanayotiwa mle hodhini ni ya mvua, dhambi ya gundi ingechukua miaka mingi kudhihirika. Lakini hutoka katika kisima kirefu cha jengo lenyewe, na maji ya visima chini ya Meru tunayajua. Mawe ya volkano ya mlima huu yana sodiamu na floraidi nyingi, na maji yakaayo humo huvichukua vyote viwili. Ndiyo sababu ya meno ya rangi ya kahawia kwa wengi waliokulia hapa. Ndiyo sababu kiwango cha taifa kilichowekwa mwaka 1974 kiliruhusu hadi miligramu 8 za floraidi kwa lita, kwa kuwa sehemu nyingi hazikuwa na maji mengine, kikashushwa baadaye hadi 4, na sasa kimekuwa 1.5, sawa na pendekezo la Shirika la Afya Duniani; ndiyo sababu pia kipo kituo cha Ngurdoto, ambako maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa. Tufanye hesabu ya mfano. Chungu kinachokunywa lita 1 kwa wiki, maji yenye floraidi miligramu 3 kwa lita, kitakuwa kimepokea miligramu 156 katika wiki 52 za mwaka, na kama halikutoka tone, zote zimo ndani, ama udongoni ama majanini. Mwaka wa pili zinakuwa 312. Hakuna mbolea, wala dawa, wala dua itakayozipunguza maadamu mlango umefungwa.

Na mmea uliotiwa katika mtego huo ni upi? Ni isale, lile ambalo wataalamu huliita Dracaena fragrans, mmea ambao kwa taadhima yake katika nchi hii ya milima ungestahili uangalizi kuliko mwingine wowote. Mchagga aliyemkosea mwenziwe humpelekea jani lake kuomba radhi, na aliyepelekewa huona vigumu kukataa. Hupandwa mipakani, likawa shahidi baina ya jirani na jirani. Huko kwenye vihamba na misitu ya miteremko huoshwa na mvua toka juu, masika na vuli, mizizi yake ikiwa katika ardhi isiyotuamisha maji. Nalo ni katika mimea iliyo dhaifu kabisa mbele ya floraidi. Poole na Conover, wachunguzi wa kituo cha Apopka cha Chuo Kikuu cha Florida, waliandika tangu miaka ya 1970 jinsi jamii hii ya mimea na ndugu zake inavyoungua majani kwa floraidi iliyo katika maji na katika mbolea, na wakulima wa maua wa ulimwengu mzima wakajifunza kwao. Hata miligramu 1 kwa lita, ambayo kwa mnywaji haina lawama, huweza kulitia isale alama.

Niliinama nikalitazama moja, la karibu na ngazi. Ncha ya jani imekauka kwa urefu wa kidole, rangi ya kahawia iliyofifia kuelekea kijivu, na baina ya palipokufa na palipo hai umepita mstari mwembamba wa manjano, ulionyooka kana kwamba umechorwa kwa rula. Ukiugusa upande uliokufa huvunjika kwa mlio mkavu. Juu ya udongo pana ukoko mweupe, mzito zaidi kuzunguka shina, na ukiukwangua kwa ukucha hutoka vipande kama chokaa ya ukuta wa zamani. Mtumishi wa ukumbi, kijana mwenye adabu na bidii, aliniambia, “Shikamoo mzee, tumeelekezwa tuongeze maji, maana majani yanakauka.” Marahaba, mwanangu, nilimwambia; lakini aliyewaelekeza amewatia katika mzunguko usio na mwisho, kwani kila lita mnayoongeza huleta sehemu yake ya kile kinachoyakausha.

Nalazimika hapa kurudia neno nililolisema mara nyingi na kuchosha baadhi ya watu. Walioziba tundu ndio hao hao, au wanafunzi wa hao hao, waliotufundisha kutia tabaka la kokoto chini ya kila chungu ati maji yapate kutoka upesi. Hayatoki upesi. Maji yaliyo katika udongo laini hayashuki kuingia katika nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa, na matokeo yake ni kwamba tabaka la udongo chepechepe huinuliwa likawa karibu zaidi na mizizi. Jambo hili limethibitishwa zamani sana, na bado kila kitalu cha kando ya barabara kitakuuzia kokoto. Kadhalika kile kielea chekundu: hukujulisha maji ya hodhini yamefika wapi, wala hakina habari ya udongo wala ya mizizi, lakini watu hukitii kama kadhi, wakijaza kila kishukapo, ilhali yafaa hodhi liachwe tupu siku chache kabla ya kujazwa tena, ili hewa ishuke. Na wauzaji wasemao kwamba vyungu hivi havihitaji mtunzaji, hao ndio waliomwondoa mtunza bustani ukumbini na kumweka mtu wa kujaza mabomba.

Insafu yataka niseme pia fadhila za njia hii, kwani mimi si adui yake. Miche midogo haing'olewi na pigo la maji. Majani hubaki makavu, na magonjwa ya ukungu hupungua. Maji hayapotei bure. Na ofisi iliyofungwa kwa sikukuu mbili zilizofuatana hukuta mimea yake hai. Kwa ua moja hasa, Saintpaulia, lile la milima yetu ya Usambara ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao, na Hermann Wendland wa Herrenhausen akalipa jina hilo mwaka 1893, kunywesha kwa chini ni karibu na wajibu, kwa kuwa maji baridi yakiliangukia jani lake lenye manyoya huacha mabaka yasiyofutika, na maji ya Arusha mwezi wa Julai ni baridi kweli. Wanaolilea kwa utambi wa uzi, ncha moja katika udongo na nyingine katika kopo la maji, hufanya jambo la hikima. Lakini waulize, nao watakwambia kwamba hata wao hukiosha chungu kwa juu kila baada ya muda.

Wazee waliotutangulia walikuwa wakinywesha kwa chini kabla ya plastiki kuzaliwa. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uliofukiwa hadi shingoni baina ya miche na kujazwa maji, hutoa jasho kupitia ubavu wake kwa kadiri ya ukavu wa ardhi, si zaidi. Hiyo ni tadbiri iliyoelezwa katika kitabu cha kilimo cha Fan Shengzhi wa China zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na wafinyanzi wanawake wa Upare wangali wanafinyanga vyungu ambavyo vingeifaa kazi hiyo kuliko chombo chochote cha duka. Sifa ya mtungi ule ni kwamba ardhi inayouzunguka haina kitako: mvua ya kwanza ya masika hushuka ikaisafisha. Na watunza bustani wa zamani wa mji huu, niliowakuta wakiwa watu wazima nami kijana, walikuwa na ada ya kuvitoa nje vyungu vyote vya barazani mvua inapoanza, vikanyeshewa usiku kucha na kurudishwa asubuhi vikitiririka. Hawakuwa na vipimo vya floraidi, walakini masale yao hayakuungua.

Mteteaji wa gundi atasema kwamba vigae vilivyolowa humtelezesha mgeni, na mgeni akivunjika mguu lawama haimwendei mtunza maua. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ni sahani. Sahani pana yenye ukingo wa sentimita 3 chini ya kila chungu ingepokea kila tone, kwa gharama isiyopita ya gundi iliyotumika. Kama ni hofu ya mbu, yule mweusi mwenye madoa meupe aliyeieneza homa ya dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, basi kipande cha wavu juu ya bomba la kujazia na kingine kwenye tundu vingetosha. Kwa sasa tundu limezibwa na bomba li wazi, hata mbu ameachiwa mlango ulio mpana zaidi.

Bado kuna kinachoweza kuokolewa. Sentimita 3 za juu za udongo, pamoja na ukoko wake, zikwanguliwe na kutupwa, na udongo mpya utakaowekwa utiwe chokaa kidogo ya kilimo, kwani kalisi yake huishika floraidi isiufikie mmea kwa urahisi. Masale yaliyooza mizizi yakatwe vipande vya urefu wa shubiri moja na kuchomekwa upya, nayo yatachipua, kwa maana isale si mmea wa kufa upesi. Maji ya kisima yaachiwe vyoo na sakafu. Gundi ya silikoni hukatika kwa wembe wa kawaida, kazi ya dakika chache kwa kila chungu. Na masika yakianza Machi, pipa moja au mawili chini ya mchirizi wa paa la nyuma yatakayokuwa yakijazwa na kila mvua yatatosha kuviosha vyungu vyote vya ukumbi ule, kimoja baada ya kingine.