Ndoo Ina Kilo Ngapi?

Mchambuzi wa biashara huchunguza kazi inavyofanyika kweli, inapokwama, na badiliko litakaloikwamua. Hauzi bidhaa, haandiki programu, wala hasimamii wafanyakazi. Anachotoa ni maelezo yaliyonyooka kiasi kwamba fundi wa programu aliyeko Dar es Salaam anaweza kuyafuata bila kukisia, na mchuuzi wa Mwanza akiyasikia akakiri kuwa ndivyo shughuli yake ilivyo. Sifa za mfumo mzuri kwa kawaida huenda kwa walioujenga, lakini mizizi yake iko kwenye kazi hii ya awali.

Ufundi wenyewe unaonekana vizuri katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa visiwani na kwenye mialo, huletwa kwa boti hadi sokoni, kisha hupakiwa kwenye malori kwenda mikoani na nchi jirani kama Kongo. Tuseme chama cha wafanyabiashara kinaomba programu ya simu ya kutunza hesabu. Mchambuzi mwenye pupa ataanza kuchora kurasa za programu hiyo. Aliyeiva atauliza kwanza ndoo moja ina kilo ngapi. Swali linaonekana dogo, lakini ndani yake mna biashara nzima. Muuzaji mmoja hujaza hadi ukingoni, mwingine hurundika. Dagaa waliokosa jua wakati wa mvua ni wazito kuliko waliokauka. Na mzigo ulionunuliwa kwa ndoo huuzwa tena kwa gunia. Bila maelewano juu ya kipimo, programu itatoa hesabu nadhifu zisizo na ukweli. Huenda kinachohitajika ni mzani mmoja unaoaminika na kitabu cha stakabadhi, na programu ikafuata baadaye. Kutenganisha kinachoombwa na kinachohitajika, bila kumvunjia heshima aliyeomba, ndicho kiini cha taaluma hii.

Kanda ya Ziwa iliujua ufundi huo kabla haujapewa cheo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba Usukumani walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Paul Bomani na wenzake hawakuishia kwenye manung'uniko. Chama chao cha wakulima kiliweka watu wake vituoni kukagua upimaji. Walikuwa wameitambua hatua hasa ambapo jasho la mkulima lilikuwa likipotea, na kuanzia hapo wakajenga ushirika. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya Jimbo la Ziwa viliunganishwa katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na Bomani mwenyewe baadaye akawa waziri wa fedha wa Tanganyika.

Somo jingine lilitoka kwa sangara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia kwa vipindi samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya vijidudu na sumu. Viwanda vya minofu vililazimika kueleza safari ya samaki hatua kwa hatua: barafu inawekwa wapi, nani anapima joto, na rekodi inatunzwa na nani. Safari ya namna hiyo ikichorwa, mchoro wake ndio chombo cha kila siku cha mchambuzi.

Anayetaka kuingia katika taaluma hii anaweza kuanzia kwenye biashara, uhasibu, takwimu, uchumi au tehama. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko hapo hapo Mwanza. Vipo pia vyeti vya IIBA, jumuiya ya kimataifa ya taaluma hii iliyoanzishwa Kanada mwaka 2003. Benki, kampuni za simu, viwanda vya samaki na migodi ya Geita vyote vina kazi ya aina hii, hata pale tangazo linapotumia jina lingine. Kujua lahajedwali na hifadhidata ni lazima, na hujifunzika. Kigumu zaidi ni kusikiliza. Anayetua mwaloni na daftari, akaanza kuhoji kabla ya kuwaamkia wazee, atapewa majibu ya kumwondoa tu. Anayekaa, akatazama upakuaji wa boti tangu alfajiri, na pengine akaongeza Kisukuma kidogo, ataambiwa mambo ambayo hayamo katika fomu yoyote.

Baada ya mfumo kujengwa, mchambuzi huujaribu pamoja na watakaoutumia, na kurudi tena miezi kadhaa baadaye, kwa kuwa kazi za watu hubadilika. Kwa mfano, Daraja la Kigongo–Busisi katika Ziwa Victoria, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na magari yaliyokuwa yakisubiri kivuko sasa yanapita moja kwa moja. Kila ratiba ya mizigo kati ya Sengerema na Mwanza iliyoandikwa enzi za kivuko, pamoja na makadirio ya barafu ya njiani, inahitaji kupimwa upya.