Muuza Peremende Haangalii Mieleka

Picha ya mieleka ninayoipenda kuliko zote ilichorwa na Mkorea, Kim Hong-do, karne ya 18. Wanaume wawili wamekamatana, viatu vyao viko kando. Watazamaji wamekaa chini kwa duara, mmoja kajificha uso kwa upepeo. Pembeni amesimama kijana mwenye trei ya peremende. Huyo haangalii mieleka. Anatafuta mteja.

Niliiona kwenye simu nikiwa Nawoitorong, nikacheka. Huyo kijana namjua. Kakuma, vijana wa Kidinka wakishikana kwenye vumbi, hakosi mtu wa kuzunguka na karanga.

Sasa weka kando yake picha aliyopiga George Rodger kule Kordofan, Sudan, mwaka 1949: bingwa wa Kinuba, mwili umejaa majivu, amebebwa mabegani. Ni picha kali, sikatai. Rodger alikuwa ameiona Bergen-Belsen mwaka 1945 na hakutaka tena kupiga picha za vita. Lakini picha hiyohiyo ndiyo iliyomvuta Leni Riefenstahl, aliyewatengenezea Wanazi filamu, akaenda kwa Wanuba. Kitabu chake cha 1973 ni misuli juu ya misuli. Mwaka 1975 Susan Sontag alimwanika: urembo ni uleule wa kifashisti, mahali tu ndipo pamebadilika.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nitasema kimtaa: shida ni kwamba muuza peremende hayupo. Ukimwondoa yeye, na mzee anayebishana, na mtoto aliyekuja bila kutumwa, kinachobaki ni mwili. Na mwili peke yake hauulizwi maoni.

Kambi ya Kakuma ipo tangu 1992, na kamera hazijawahi kukauka. Zinataka njaa au misuli. Mimi naona ni picha moja, imegeuzwa tu upande. Mwaka 2018 Korea zote mbili, zilizogawanyika hivyo, ziliorodheshwa pamoja UNESCO kwa mieleka yao, ssireum. Kilichotambuliwa si kifua cha bingwa fulani. Ni mchezo wa watu, pamoja na duara lake.

Kwa hivyo ukija Kakuma na kamera, bingwa atakungoja. Anza na mwenye karanga. Na ununue.