Kwenye Herufi Gani?

Kitabu kilichopachikwa kwenye rafu isiyo yake hakijaibiwa, hakijachanika, wala hakijavuka mlango wa maktaba. Kimepotea tu. Hilo nililijua nikiwa shuleni, nilipopewa zamu ya kupanga vitabu. Kengele ya chakula ilikuwa imelia, nami nikaisukuma diwani moja ya mashairi katikati ya vitabu vya ufugaji wa kuku. Ilionekana mwaka uliofuata, na aliyeiona alikuwa anatafuta dawa ya kideri.

Ndiyo maana nampa heshima zake E. L. Konigsburg. Waandishi wengi wa hadithi za upelelezi za watoto hutaka pango, mlango wa siri, ramani iliyoungua pembeni. Mmarekani huyu, aliyesomea kemia kabla ya kushika kalamu, alitaka kabati la mafaili. Riwaya yake *From the Mixed-Up Files of Mrs. Basil E. Frankweiler* ilitoka mwaka 1967, ikapata Nishani ya Newbery ya fasihi ya watoto mwaka 1968, na kwa ufundi wa kuficha kitu mahali pa wazi sijaona kitabu cha kuishinda.

Claudia, anayekaribia miaka 12, anatoroka nyumbani na mdogo wake Jamie wa miaka 9, aliyechaguliwa kwa sababu ana akiba: dola 24 na senti 43. Nguo wamezisokomeza ndani ya kasha la fidla na la tarumbeta. Hawakimbilii porini, wanakwenda kuishi ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Wanalala kwenye kitanda cha kale na kuoga kwenye bwawa la chemchemi, ambamo Jamie anaokota sarafu walizotupa wageni. Humo wanakuta sanamu ya malaika iliyonunuliwa mnadani kwa dola 225. Je, ni kazi ya Michelangelo?

Hapa ndipo fundi anapojulikana. Watoto wanakwenda Maktaba ya Donnell, Barabara ya 53, kusoma habari za Michelangelo. Mwandishi mwingine angewadondoshea karatasi ya siri kutoka ndani ya kitabu. Konigsburg anawaacha wasome kama sisi sote tunavyosoma maktabani, kurasa nyingi, picha nyingi, na jibu halipo. Baadaye wanagundua alama chini ya sanamu, wanaandika barua kwa wakuu wa makumbusho, roho zinawadunda. Jibu linakuja kwa adabu zote: asanteni, alama hiyo tunaijua siku nyingi. Kwa mtoto msomaji huo ni msiba mdogo, na ni wa haki, maana hakuna aliyemdanganya.

Mwisho wanafika kwa Bibi Frankweiler mwenyewe, aliyekuwa na sanamu hiyo kabla ya mnada. Anawapeleka mbele ya safu ya makabati na kuwapa saa moja. Siri imo humo. Lakini mafaili yamepangwa kwa akili ya mwenyewe, si kwa akili ya mkutubi. Jamie anataka kuvuta droo ovyo. Claudia anakaa kwanza, anaandika orodha ya majina ya kutafuta, huku dakika zinakwenda. Majina yaliyo dhahiri hayasaidii. Faili lenyewe limeandikwa jina la mji.

Mji huo sitautaja. Msomaji ameshakutana nao nyuma, katika habari ya gazeti ambayo watoto waliisoma, ukiwa umetupwa katikati ya sentensi kama kitu kisicho na maana. Ukifika kwenye droo ile unajipiga paji la uso. Kufikiri kwa Claudia katika saa hiyo ni kufikiri kwa mkutubi yeyote anayejua kazi yake: haulizi tu kitu hiki ni nini, anauliza aliyekiweka alikuwa anawaza nini.

Sisi tuliokulia kwa mpelelezi Bwana Msa, tangu Muhammed Said Abdulla alipotutolea *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, tunaujua utamu huo. Msa na mwenzake Najum huona yaleyale, ila mmoja tu ndiye anayeyatazama. Konigsburg amefanya jambo gumu zaidi, kwa sababu msomaji wake ana miaka kumi na subira yake ni fupi. Tena kitabu kizima kimeandikwa kama waraka wa Bibi Frankweiler kwa wakili wake, na wakili huyo ana sababu yake ya kuusoma, nayo iko wazi kwa mwenye macho.

Lile bwawa limeshaondolewa, kitanda kimeshafumuliwa, na Maktaba ya Donnell ilifungwa mwaka 2008. Kitabu bado kinauzwa. Ukikipata, mwachie mtoto akisome mwenyewe, na akifika kwenye ile habari ya gazeti usimwambie kitu.