Mzigo Ndio Umbo: Kuyasoma Mashindano ya Kuvuta

Shindano la nguvu lina umbo lake, na umbo hilo linasomeka kama linavyosomeka shairi. Lina mwanzo na mpando, lina mahali linapokatika, na lina anayeachiwa neno la mwisho. Wahakiki wetu wamezoea kuhesabu vina na mizani kwenye karatasi, mashindano ya kazi wakawaachia watangazaji wa michezo, nao hutupa jina la mshindi na zawadi aliyopewa, basi. Kwa kufanya hivyo tumejinyima mengi. Hoja yangu ni kwamba katika shindano la kuvuta, kinachojenga umbo ni mzigo, kuliko mwendo na kuliko nguvu. Ukishajua mzigo umewekwa wapi, na unafanya nini kadiri shindano linavyosonga, umekwisha kulijua shindano lenyewe. Nitaipima hoja hii katika uwanja wa trekta huko Marekani, katika mbio za mashua za Lamu, na mwisho katika ufuo wa Chundwa, kisiwani Pate, ambako watu huvuta bila kushindania chochote.

Tuanze na trekta. Mashindano ya kuvuta kwa trekta yalizaliwa na wakulima, na kabla ya injini walikuwa wakishindanisha farasi. Mwaka 1929 unatajwa kuwa wa kwanza kuona mashindano ya aina hii yakifanywa kwa injini. Kila jimbo likawa na kanuni zake, hata ilipofika 1969 kikaundwa chama cha kitaifa, National Tractor Pullers Association, ili trekta ya huku na ya kule zipimwe kwa kipimo kimoja.

Linaloshangaza zaidi katika historia hiyo ni namna mzigo ulivyobadilika. Zamani watu walijipanga kandokando ya njia, na kila sleji, yaani chombo cha kuburuta mzigo, ilipowapitia, mtu mmoja alipanda juu yake, halafu mwingine, halafu mwingine. Trekta ilianza na uzito mdogo, ikaishia na umati. Mzigo ulikuwa watu wenyewe, na kila aliyepanda aliongeza neno lake katika sentensi ile. Baadaye, kwa ajili ya usalama na usawa, watu wakaondolewa, nafasi yao ikachukuliwa na mtambo. Sleji ya sasa hubeba sanduku zito lililo juu ya reli. Mwanzoni sanduku hukaa nyuma, juu ya magurudumu ya sleji. Trekta inapovuta, magurudumu hayo huzungusha mnyororo unaolipandisha sanduku kuelekea mbele, na linavyosogea ndivyo bamba la mbele linavyozidi kudidimia kwenye udongo. Trekta huanza kwa kasi na ngurumo, kisha hulemewa, gurudumu la mbele likanyanyuka, la nyuma likachimba, mwisho ikasimama. Waliosimama wote hupangwa kwa umbali waliofika. Marekani njia kamili ni futi 300, kama mita 91, na Ulaya ni mita 100. Wakifika zaidi ya mmoja hadi mwisho, mzigo huongezwa na hao hurudia.

Liangalie umbo hili kwa makini. Sanduku halisogezwi na adui aliyejificha mahali. Linasogezwa na magurudumu yanayozungushwa na mvuto wa trekta yenyewe, kwa hiyo mvutaji ndiye anayejiletea uzito. Hatua aliyoishinda ndiyo inayoinua gharama ya hatua inayofuata. Ni umbo la ukali usiodanganya, kwa sababu halimpi mtu nafasi ya kupumua kisha akaanza upya, wala halina kiitikio. Lina mstari mmoja mrefu unaozidi kuwa mzito hadi sauti inakatika, na pale ilipokatika ndipo jina la mtu linapoandikwa. Hata usalama wake umefungwa katika mstari huo huo: nyuma ya trekta kuna swichi ya kuzima injini iliyounganishwa kwa kamba na sleji, ili mnyororo unaovuta sleji ukikatika na viwili hivyo vikaachana, kamba ichomoe swichi na injini ife papo hapo. Trekta hairuhusiwi kuwa na sauti bila mzigo wake.

Hata hivyo umbo hilo lina ila, na ila yake imetoka mle mle katika uzuri wake. Likipima jambo moja katika mstari mmoja, mashine nayo hukua kuelekea jambo hilo tu. Kuanzia miaka ya 1970 mafundi walifunga injini mbili, tatu na zaidi juu ya fremu moja, zikiwemo injini za ndege. Chombo cha namna hiyo huitwa trekta bado, ila hakiwezi kulima hata tuta moja. Chombo cha kazi kimeingia uwanjani, na njia ya kurudi shambani kimeisahau. Kwetu Kenya tulipata kuona umbo tofauti mwaka 1995, mashindano ya dunia ya kulima yalipofanyika Egerton, Njoro. Huko trekta ilihukumiwa kwa macho: mfereji umenyooka? Kina chake ni kimoja toka mwanzo hadi mwisho? Mabua yamefunikwa? Mzigo ulikuwa udongo, na shindano lilipokwisha udongo ule ulibaki umelimwa.

Sasa tuje Lamu, ambako barabara ni chache na mzigo hubebwa na punda na vyombo vya bahari. Mbio za mashua hufanyika Shela siku ya mwaka mpya, na katika sikukuu nyingine za mji, likiwemo tamasha la utamaduni la kila mwaka. Mashua ni chombo cha kazi. Huvua, hubeba mchanga, mawe na boriti za mikoko, na huvusha watu. Siku ya mbio hushushwa shehena yake yote, na mtu anaweza kudhani kwamba hapa mzigo umeondoka, na hoja yangu imeondoka nao.

Mzigo upo. Tanga la pembetatu lenye eneo kubwa haliwezi kusimama juu ya chombo kitupu, kwa sababu upepo utalilaza. Kwa hiyo mashua hupewa farumi, nayo ni magunia ya mchanga na miili ya mabaharia. Upepo ukizidi, ubao hutokezwa nje upande wa joshini, yaani upande upepo unakotoka, na watu huupanda mmoja baada ya mwingine hadi wananing'inia juu ya maji. Wakitoka mno na upepo ukalegea, chombo kinawatumbukiza. Wakichelewa kutoka, chombo kinalala, tanga linamwaga upepo, na aliyekuwa nyuma anapita. Hapa pia watu wanapanda na kuwa mzigo, kama wale wa kandokando ya njia huko Marekani, lakini kazi yao imegeuka. Kule kila aliyepanda alizuia. Huku kila anayepanda ndiye anayewezesha tanga livute.

Umbo la mbio hizi lina sehemu mbili, na hazina uzito sawa. Sehemu ya kwenda na upepo ni ya kupendeza: matanga yamejaa, vyombo vimefuatana, na wapiga picha wanapata walichokuja kukitafuta. Hata hivyo haisemi mengi, kwani hata chombo kilichojengwa ovyo huenda kikisukumwa. Mbio zinasema pale chombo kinapozunguka alama na kulazimika kurudi kwa bisho, yaani kwa kuupanda upepo. Chombo cha tanga hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Huushika ubavuni, kikaenda upande mmoja, kikapindua, kikaenda upande wa pili, na njia yake ikawa mistari iliyovunjika.

Kila kupindua ni kituo katika shairi hili, na inafaa tukisogelee kimoja. Nahodha anatoa amri na kusukuma usukani. Tanga linapiga makofi, kisha linakufa kwa muda. Foromali, boriti inayobeba tanga, inahamishwa kupitia mbele ya mlingoti hadi upande mpya, na anayeshika demani, kamba ya kuongozea tanga, anaizungusha kamba yake bila kuiacha iponyoke. Wakati huo huo, chini ndani ya chombo, magunia ya mchanga yaliyolowa yanaburutwa kutoka upande uliokuwa joshini hadi upande utakaokuwa joshini, na ubao unachomolewa na kutokezwa ng'ambo ya pili. Kwa pumzi kadhaa chombo hakivuti chochote. Halafu tanga linajaa, watu wanakimbilia ubaoni, na mstari mpya unaanza. Mashua mbili zenye mwendo sawa hutenganishwa hapa. Ushindi wa mbio hupatikana katika vituo, palepale mtazamaji aliye ufukweni anapoona tanga limelegea akadhani hakuna jambo.

Hii ndiyo tofauti kubwa ya maumbo haya mawili. Katika uwanja wa trekta mzigo unakuja upande mmoja tu na haurudi, hauna sikio wala shauri. Katika mashua mzigo unahama, unasikia, unaamua. Baharia aliye kwenye ubao huuona upepo ukikunja uso wa maji kabla haujafika tangani, akajitokeza zaidi bila kuambiwa. Umbo la kwanza linauliza utafika wapi kabla ya kushindwa. La pili linauliza mnaweza kugeuka pamoja mara ngapi bila kupoteza mlichokipata.

Na nyuma ya mabaharia yupo fundi. Sehemu kubwa ya mbio huandikwa chini ya mti, pengine miaka mingi kabla ya siku yenyewe. Huko Matondoni na kwingineko visiwani mafundi wamejenga vyombo kwa jicho na kwa kipimo cha mkono: mkuku, uti wa chombo, kwanza, kisha fashini, mbao na mataruma, yaani mbavu, yaliyochaguliwa kutoka matawi yaliyopinda yenyewe, ili mshipa wa mti ufuate mpindo wa chombo. Mwanaanthropolojia Mholanzi A. H. J. Prins, katika kitabu chake cha 1965 kuhusu ubaharia wa Lamu, aliuona ufundi huu kuwa sehemu ya utamaduni mzima wa bahari. Akinenepesha tumbo la chombo, fundi amechagua kubeba. Akilikondesha, amechagua kubisha. Kila mbio ni hukumu ya uchaguzi huo.

Nimebakiza ufuo wa Chundwa. Sleji hakuna, na alama za kuzunguka hakuna, ila kila mashua inayofanya kazi lazima ivutwe nchi kavu ikwanguliwe, ikalafatiwe na kupakwa deheni. Watu hungoja bamvua, yaani maji makuu, yawape msaada wa mwisho, kisha hushika kamba. Magogo yamelazwa chini ya mkuku. Kiongozi anatoa sauti yake, kundi linaitikia, na nguvu zote zinaangukia kwenye itikio. Sauti ya kiongozi ni ndefu na huru, anaweza kuchezea maneno, akamtaja mwenye chombo, akamchokoza mvivu. Itikio ni fupi na halibadiliki, kwa sababu maneno mengi yatakula pumzi ya kuvutia. Kati ya itikio na sauti inayofuata mikono inashika upya, na gogo lililoachwa nyuma ya tezi linachukuliwa mbio hadi omoni na kulazwa mbele. Anayeongoza huenda havuti kabisa. Kazi yake ni kuangalia mkuku na gogo, kwa maana akiita kabla gogo halijakaa, chombo kitakwama mchangani na jasho litapotea bure.

Kwa macho ya mhakiki, umbo la Chundwa ndilo lililokamilika zaidi kati ya yote matatu. Lina mzigo usio na hila, kwani uzito wa mwanzo ndio wa mwisho. Lina vituo, navyo vinajulikana na kila aliyeshika kamba. Lina itikio ambalo ndani yake dhaifu na shujaa hawatofautiani. Ni ukoo mmoja na kimai cha mabaharia na vave ya wakulima, tungo ambazo kazi ndiyo iliyozipa mapigo. Uwanja wa trekta umechukua mzigo wa umbo hili na kuliacha itikio. Mbio za mashua zimelichukua itikio na kulificha ndani ya chombo, ambamo mtazamaji halisikii.

Kutokana na usomaji huu nina mambo matatu ya kuwaambia wanaoandaa mbio za visiwani. Kwanza, alama ziwekwe ili sehemu ya bisho iwe karibu na ufuo, na mtangazaji awe mtu wa bahari anayeweza kueleza kila kupindua, maana hapo ndipo pana shairi. Pili, jina la fundi litangazwe pamoja na la nahodha. Tatu, na hili ndilo zito, liwepo daraja la mashua zinazofanya kazi, na zilizojengwa kwa mbio tu ziwe na daraja lao. Boti za faiba na mashine zinazidi kuchukua uvuvi, na mashua inaweza kubakiwa na mbio peke yake. Tumeona trekta ilivyopotea njia ya shamba. Tumeona pia mtepe, chombo cha kushonwa cha visiwa hivi hivi, ulivyotoweka ulipokosa shehena, hata tukabaki na mfano uliojengwa Zanzibar mwaka 2003, ambao uliwekwa katika jumba la Beit al-Ajaib. Shindano lina uwezo wa kukihifadhi chombo, lina uwezo pia wa kukiharibu, na kinachoamua ni kanuni za mzigo. Mashua inayoshinda Jumapili iwe ndiyo itakayovua Jumatatu, na itakayovutwa na watu wale wale pwani ya Chundwa bamvua likifika.